Msiwatoze faini watoto kwa kuuliza Kiingereza kwa Kiswahili

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Unguja, aliyeandika hivi karibuni kwamba vijana wetu hawakijui Kiingereza kwa sababu walimu wanawaachia kuzungumza Kiswahili darasani. Dawa aliyoileta ni kwamba mwanafunzi atakayefungua mdomo kwa Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza atozwe faini, na akirudia avishwe kibao shingoni.

Kibao hicho nakijua. Skuli niliyosoma udogoni kilikuwepo, kipande cha ubao wa sanduku kilichotobolewa na kutiwa kamba, na aliyekivaa hakivui mpaka amnase mwengine akisema Kiswahili. Tulichokipata ni darasa lililojaa watoto wasiosema kitu. Kiingereza hatukijui, Kiswahili hatuthubutu, basi tunatazamana. Ukiwa na swali unalimeza, maana kuliuliza kwa Kiingereza kunataka kile Kiingereza ambacho ndicho ulichokuja kukisoma.

Mimi si mwalimu, Mhariri. Nilikuwa karani mpiga chapa serikalini hadi nilipostaafu, na sasa nina steshenari ndogo hapa Chake Chake, si mbali na stendi. Natoa kopi, naprinti, nalamineti vyeti, lakini kazi kubwa ni barua za maombi ya kazi. Kijana anakuja na karatasi aliyoiandika kwa mkono, mimi naipiga kwenye kompyuta, yeye anakaa kwenye benchi ubavuni kwangu anafuatisha kwenye kioo. Nikibadilisha neno tu, namsikia: "Bi, mbona umelitoa lile?" Hapo darasa limeshaanza, na ukurasa wa shilingi elfu moja unatuchukua saa nzima. Msimu wa karafuu wananipungukia, kila mtu yuko mashamba au anaanika. Ukimalizika wanarudi, na safari hiyo wana pesa ya kulipia.

Ninalotaka kumwambia msomaji yule ni kwamba maswali wanayoniuliza hawa karibu yote yametoka ndani ya Kiswahili, na majibu yake nayapata humo humo. Ukikifungia Kiswahili nje ya mlango wa darasa, na jibu limebaki nje.

Chukua sentensi hii, ambayo ni nadra kukosekana kwenye barua: "I have finished Form Four in 2021." Mimi naifanya "I finished Form Four in 2021", na kijana anakuja juu. Maalim kamwambia jambo lililokwisha kutendeka linataka "have". Ukimsikiliza vizuri, hakufikiri ovyo. Sisi tunasema "nimemaliza skuli mwaka 2021", "nimezaliwa Mkoani mwaka 2003", na hakuna Mswahili atakayegutuka. Hii "me" yetu haina ugomvi na mwaka, wala siku, wala saa. "Have" ya Kiingereza inao. Ukiiandika, usitaje ilikuwa lini. Ukitaja lini, iondoe. "I have finished Form Four" peke yake ni sawa, maana yake kazi imekwisha na cheti ninacho. Ukiongeza mwaka, rudi kwenye "finished". Nikishamwambia hivyo, kwa kumwekea "nimemaliza" yake mbele yake, hanirudii tena na kosa lile. Akiambiwa tu "hiyo ni present perfect, ikariri", anaikariri, na barua ijayo analeta kosa lile lile.

Na "me" hiyo ina mtego mwengine ulio mkubwa zaidi. Binti mmoja wa fomu two alikuja nimpigie kazi ya skuli. Walipewa picha ya harusi waieleze. Akaandika: "The bride has worn a green dress. She has sat on a chair. Her grandmother has slept near the door." Kwa Kiswahili kila kitu kipo mahali pake: biharusi amevaa nguo ya kijani, amekaa kwenye kiti, bibi yake amelala karibu na mlango. Kwa Kiingereza nguo imeshavuliwa, kiti kimeshaachwa, na yule bibi alilala, akaamka, akaenda zake. Nikamuuliza: "Mwanangu, ukisema biharusi anavaa, ni sawa na amevaa?" Akacheka. "La, bi. Anavaa ndiyo kwanza anaingiza mkono." Nikamwambia basi hapo ndipo ilipo sarufi yako yote ya leo. Anavaa ni "she is putting on". Amevaa ni "she is wearing". Amekaa ni "she is sitting", amesimama ni "she is standing", amelala ni "she is asleep". Maneno ya namna hii, ya mwili na mkao wake, "me" yetu haisemi kilichopita, inasema hali ambayo mtu yumo mpaka sasa. Lakini amefika inabaki "she has arrived", na amevunja kikombe inabaki "she has broken a cup". Yule binti akaanza mwenyewe kuyapanga, amechoka huku, ameinama huku, amekula kule, na alipotoka dukani alikuwa amekwisha kuipata. Sasa niambieni, mazungumzo yale tungeyafanya kwa Kiingereza gani? Angekuwa nacho Kiingereza cha kunieleza tofauti ya anavaa na amevaa, asingehitaji kuja kuniuliza.

Halafu kuna upande wa pili, ambako mambo yanakwenda kinyume. "I am working with this company since 2019." Amelitoa wapi? Kwenye "nafanya kazi hapa tangu 2019", ambayo ni Kiswahili kizuri. Kazi inaendelea, basi tunasema "na". Mwingereza anataka "I have been working here since 2019", kwa sababu kazi ilianza zamani na imefika mpaka leo. Kwa hiyo pale tunaposema "me" wao mara nyingine wanasema "is", na pale tunaposema "na" wao wanasema "have". Tumepishana njiani. Mtu akiijua hiyo mapema, nusu ya kichwa kinachomuuma kinapoa. "Since" na "for" hainishughulishi: mwaka au siku ilipoanzia ni "since", urefu wa muda ni "for", na Kiswahili kimewagawia kitambo kwa "tangu 2019" na "kwa miaka mitano".

Raha zaidi ninaipata kwenye "I did not wrote". Vijana wanaikosea hii mpaka walio na diploma. Wameambiwa jambo la jana linabadilisha kitendo, "write" inakuwa "wrote", basi wanaona kukataa nako lazima kubadilishe. Mimi nawaandikia kwa kalamu pembezoni mwa karatasi: niliandika, sikuandika. Nawauliza, ile "li" imekwenda wapi? Imeondoka, imekuja "ku". Unaweza kusema "sikuliandika" ukiwa na maana ya wakati uliopita mara mbili? Wanasema hapana, hiyo "li" hapo ni ya kitu kingine, ya neno au jina. Vizuri. Basi "did" ndiyo "ku" yao. Imeshaubeba wakati uliopita, na kitendo nyuma yake kinabaki mzizi mtupu: andika, "write". Na kwenye swali ni hivyo hivyo, "Did you write?" Siku hizi nikiona "did not went" sisemi kitu, naandika "ku" ndogo juu ya "did", na mwenyewe anajifutia.

Sasa nije kwenye "the", ambayo ndiyo inayowaliza wengi, na mimi naona ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko zote. Kijana anaambiwa kwamba Kiswahili hakina kitu hicho, kwa hiyo atie popote anapohisi. Anatia kwa kubahatisha: "I am looking for the job", "I live in the Pemba", halafu pale panapohitajika haipo, "I can use computer". Wanaosema Kiswahili hakina hawakukitazama. Kweli hakina neno dogo la kutanguliza jina, lakini njia ya kumwambia msikilizaji "kile unachokijua" tunayo, tena tunaitumia kutwa. Nikikwambia "nimeuza baskeli", nimekupa habari ya baskeli fulani tu, huijui. Nikikwambia "nimeiuza baskeli", unajua ni ile, pengine uliipanda jana. Ile "i" katikati ya kitendo ndiyo iliyofanya kazi. Ya kwanza ni "I have sold a bicycle", ya pili ni "I have sold the bicycle". Kila nikimwonyesha mtu hilo nauona uso wake unabadilika, kwa sababu hakuambiwa maishani mwake kwamba anayo "the" mdomoni.

Dawa hiyo ina mwisho wake, na mwalimu mzuri atausema. Kwa watu na wanyama tunasema "nimemwona daktari" kwa daktari yeyote, ile "m" ipo lazima, kwa hiyo haikusaidii kuchagua baina ya "a doctor" na "the doctor". Hapo nawapa jaribio jengine. Jiulize, msomaji wako akisema "yupi?", jibu analo tayari? Ama umeshamtaja juu, ama yuko mmoja tu, kama mkurugenzi wa ofisi ile unayoiandikia. Akiwa nalo, andika "the". Akiwa hana, andika "a".

Na hapa Pemba tuna hazina nyengine ambayo skuli zetu haziigusi kabisa. Watoto wetu wengi wanasoma chuoni, chuo cha Kurani, na aliyefika kwenye nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, anajua vyema kwamba "kitabun" ni kitabu chochote na "al-kitabu" ni kile kinachojulikana. Huyo "the" na "a" amezijua kabla hajaingia fomu one, ila hakuna aliyemwambia. Mwalimu wa Kiingereza anaingia darasani asubuhi, ustadhi anaingia chuoni alasiri, na wanafunzi ni wale wale. Bila shaka vijana hawa wa nahau nao wana kosa lao. Waarabu wanasema "al-ilmu nurun", na "al" imekaa kwenye elimu yote kwa jumla. Kijana anaichukua na kuandika "The knowledge is light", "The life is difficult", "The cloves are important in Pemba". Kiingereza kinaposema jambo kwa ujumla wake kinaivua: "Knowledge is light", "Life is difficult", "Cloves are important". Dakika mbili za kuziweka lugha tatu pamoja ubaoni zingetosha, na watoto wa Chake wanazo zote tatu vichwani. Kuwafundisha "the" huku umewakataza mbili kati ya hizo ni kumpandisha mtu mkarafuu ukamkataza asikanyage tawi la chini.

"A" na "an" nipite haraka. Tatizo lao ni kwamba Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, basi wanatazama herufi badala ya kusikiliza sauti. "I am a honest person" imo karibu katika kila barua (na ninawaambia, mtu mwaminifu kweli halazimiki kuitangaza, lakini hawanisikii). Herufi "h" ya "honest" haitamkwi, kwa hiyo ni "an honest person", "an hour". "University" inaanza kwa sauti ya "yu", kwa hiyo ni "a university student". "NGO" inaanza kwa sauti ya "e", kwa hiyo "an NGO". SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa cha Zanzibar, tunaitamka kama neno, kwa hiyo "a SUZA student". Wakiifumba karatasi wakasema kwa sauti hawakosei.

Madogo mengine nayarekebisha bila hotuba. "Zanzibarian" naifanya "Zanzibari". "Informations" na "advices" naziondolea "s", na akiniuliza namkumbusha kwamba kila lugha ina kichaa chake: sisi maji tumeyatia kwenye wingi, "maji yamemwagika", na hakuna aliyewahi kuona jimaji moja. "He" na "she" zinachanganywa na kila mtu, wasomi na wasiosoma, kwa sababu "a" yetu haiulizi mtu ni mume au mke. Kwa hilo sina ufundi wowote, naisoma barua mara moja zaidi kwa ajili yake tu.

Ila kuna moja linaniudhi. "Refer to the heading above." Hii wala si kosa la sarufi, ni ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" ya barua zetu za serikali iliyovalishwa suruali. Anayepokea barua kichwa cha habari ameshakiona, hana haja ya kuelekezwa. Mimi naifuta. Kijana anakwenda nyumbani, anamwonyesha kaka yake, kesho asubuhi yupo mlangoni: "Bi, kaka anasema barua haina refer." Nairudisha. Pesa ni yake.

Na mwisho wa barua kuna "I look forward to hear from you". Hili linastahili kukaa nalo kidogo, kwa sababu kosa lake lina akili. Mwanafunzi amefundishwa kwamba baada ya "to" kitendo hakibadiliki, "to write", "to go", na amefundishwa vizuri. Anaona "to", anaandika "hear". Ninapoandika "hearing" ananitazama kama nimerukwa na akili. Jibu ni kwamba "to" zipo mbili zinazofanana sura. Moja ni ile "ku" ya kuandika na kusoma. Nyengine ni ya kuelekea kitu, ile ya "nimempelekea barua mkurugenzi", "to the director". Utaijuaje iliyo mbele yako? Jaribu kuweka kitu badala ya kitendo. "I look forward to your reply": inakubali. Basi hiyo ni ile ya pili, na nyuma yake kitendo lazima kivae "ing" kiwe kama kitu, "hearing". Sasa jaribu na "I want to": "I want to your reply". Haikubali, kwa hiyo ni ile ya kwanza, "I want to hear". Mtihani huo unaamua pia "I am used to working at night" na "I used to work at night", ambazo vijana wa hoteli wanazichanganya mpaka mwajiri hajui kama mtu amezoea kazi ya usiku au ameshaiacha.

Kwa kuwa nimetaja hoteli, nimalizie maswali kwa hili la "yes". Mpwa wangu alipata kazi ya kuhudumia wageni mezani katika hoteli moja huku kisiwani. Siku hiyo pweza hakupatikana. Mgeni, mwanamke mtu mzima, akamuuliza: "You don't have octopus today?" Mpwa wangu kwa adabu zote akajibu: "Yes, madam." Mgeni akafurahi, akafungua kitabu chake akakaa anasubiri. Baada ya muda akamwita tena: "So the octopus is not ready?" "Yes, madam." Mpaka msimamizi alipokuja, mgeni amekasirika na kijana haelewi amekosa nini, maana kila alichoulizwa amejibu kweli. Hamna pweza? Ndiyo, hamna. Hayupo tayari? Ndiyo, hayupo. Kwa Kiswahili huyo ni mkweli mara mbili. "Ndiyo" yetu inamjibu msemaji, inamwambia ulivyosema ndivyo. "Yes" ya Kiingereza haimtazami msemaji kasema nini, inalitazama jambo lenyewe: kama pweza yupo ni "yes", kama hayupo ni "no", hata swali liulizwe kwa kukataa. Mpwa wangu alikuwa na cheti cha Kiingereza. Vitenzi vyote vya wakati uliopita alivijua kwa moyo, lakini hili hakuna aliyemwambia, kwa sababu huwezi kulieleza bila kuiweka "ndiyo" mezani kando ya "yes", na kuiweka "ndiyo" mezani kulikuwa na faini.

Ndiyo maana namwomba msomaji yule afikirie upya. Anasema lugha ya watu huipati mpaka uiache yako. Kuna Mwingereza mmoja aliyekuja Unguja mwaka 1864, Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu na kusimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Huyo alitaka Kiswahili kwelikweli. Mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichapishwa London, na kimeelezwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, ili Waingereza wenzake wapate kukielewa Kiswahili kwa lugha yao. Hakuna aliyemvisha kibao. Wazungu walipotaka lugha yetu waliisoma kupitia yao. Sisi tukitaka yao, mtoto wa miaka kumi na minne wa Kengeja anaambiwa afunge mdomo.

Nakubaliana naye kwa jambo moja. Lugha inataka kusemwa, na kuna walimu wanaopiga soga kwa Kiswahili kipindi kizima, kengele ikalia mtoto hajatamka sentensi moja ya Kiingereza. Hao wapo, na wazee tunawajua. Lakini kuzoeza ni kazi moja na kueleza ni nyengine. Wakati wa kuzoeza, Kiingereza kitupu, watoto wasomeshane, waulizane bei ya samaki, waelekezane njia ya Wete. Wakati wa kueleza kwa nini "did" inaua "wrote", mwalimu awe huru kusema Kiswahili, na wakaguzi wanaopita maskulini wasimwandike vibaya kwa hilo. Hivi sasa walimu vijana wanaokuja kutoa kopi dukani kwangu wananiambia wanaeleza kwa Kiswahili kwa kujificha, na mlango wakiurudisha. Maskini, wanaifanya kazi yao nzuri kuliko zote kama watu wanaovunja sheria.

Na kwako, Mhariri, nina ombi. Gazeti lako lina ukurasa wa michezo, wa nyota za mpira wa Ulaya, na wa mapishi. Tupe pembe ndogo, mara moja kwa wiki, msomaji alete swali lake la Kiingereza kama alivyolifikiri kwa Kiswahili, na mwalimu alijibu kwa Kiswahili, na mifano iwe ya huku kwetu. Isiwe orodha ya maneno ya kukariri, hizo zimejaa. Mimi nina daftari kaunta ninaloandika maswali ya wateja, na nitakuwa nakuletea.

La kuanzia naliweka hapa hapa. Limeulizwa na kijana anayeuza samaki soko la Chake, ambaye barua yake ilikuwa nzuri kuliko za wengi wenye vyeti. Akiandika "Where is the office?" haguswi. Akiandika "I do not know where is the office", nimemfutia na kuweka "where the office is". Anataka kujua kosa lake nini, ikiwa kwa Kiswahili "ofisi iko wapi?" na "sijui ofisi iko wapi" hazitofautiani hata herufi. Jibu langu nimeshampa. Nataka kusikia walimu wa Unguja na Pemba watalijibu vipi, na msomaji mwenzangu yule naye ajaribu, ila kwa sharti lake mwenyewe, asitumie Kiswahili.

Wako,
Mpiga Chapa Mstaafu,
Chake Chake, Pemba.